Risasi za kimya kwa bunduki fupi yenye kiwambo: mwongozo wa kuchagua .300 Blackout

Asubuhi moja ya Januari, kaskazini mwa Texas, nilikuwa uwanja wa shabaha na baridi ya nyuzi 8 za Selsiasi chini ya sifuri. Boksi mkononi, la aina ya risasi iitwayo .300 Blackout, limeandikwa kwamba risasi zake ziko chini ya mwendo wa sauti. Bunduki fupi, kiwambo cha kupunguza sauti kimefungwa mdomoni, kila kitu sawa. Nikafyatua nne, zikatoka na ule mvumo mdogo kama mtu anayefunga mlango wa gari kwa adabu. Ya tano ikapasuka hewani mithili ya mjeledi. Mwenzangu, kijana wa Goma, akainua kifuniko cha sikio upande mmoja: "Kaka, si ulisema hizi ni za kimya?"

Boksi halikudanganya. Mimi ndiye nilikuwa sijui kulisoma. Haya yafuatayo ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijatoa hela, na nayaandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Marekani wanaomiliki silaha hizi kihalali kwa uwindaji au shabaha.

Kabla ya dukani: je, unaruhusiwa?

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, ile wanayoiita NFA, inahesabu raifo kuwa "fupi" ikiwa mtutu wake haufiki inchi 16, au bunduki nzima haifiki inchi 26. Raifo hiyo na kiwambo cha sauti vyote lazima visajiliwe ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kabla hujavishika: Fomu 4 ukinunua kilichokwisha kutengenezwa, Fomu 1 ukitaka kuifupisha bunduki yako mwenyewe, na kibali kitangulie kazi. Tangu 1 Januari 2026 ile kodi ya dola 200 imeshuka hadi sifuri kwa vitu hivi viwili. Wengi wamesikia "kodi imefutwa" wakadhani usajili nao umefutwa. Haujafutwa. Alama za vidole, picha na kusubiri viko palepale.

Majimbo manane hayaruhusu raia kuwa na kiwambo: California, New York, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island, Delaware, Illinois na Hawaii. Ukihama au ukisafiri na raifo fupi kuvuka mpaka wa jimbo, omba ruhusa ya ATF mapema kwa fomu nambari 5320.20.

Halafu kuna hili ambalo watu wetu wengi hawalijui: mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, matembezi au kazi, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki *na hata risasi*, isipokuwa kwa vighairi vichache. Risasi moja iliyosahaulika kwenye droo inatosha kuharibu makaratasi ya miaka kumi. Mwenye green card yuko upande mwingine wa mstari huo kwa sheria ya shirikisho, lakini majimbo yana yake. Kama hali yako ya uhamiaji ina utata wowote, muulize mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize muuza bunduki.

Sauti tatu, na ni ipi unayoinunulia risasi

Bunduki ikilia, masikio husikia mlio mmoja, lakini ndani yake mna sauti tatu. Ya kwanza ni gesi ya baruti inayolipuka mdomoni mwa mtutu. Kiwambo kinashughulika na hiyo tu: kinaikamata gesi, kinaizungusha kwenye visahani vyake vya ndani, kinaiachia ikiwa imepoa na kupungua nguvu. Kazi ni ileile tangu Hiram Percy Maxim alipopata hataza yake mwaka 1909.

Ya pili ni mpasuko wa risasi yenyewe ikikimbia kuliko sauti. Mpasuko huo hautoki kwenye bunduki. Unaifuata risasi njia nzima, kwa hiyo hakuna kiwambo duniani kitakachouzuia. Dawa yake ni risasi isiyofika kasi ya sauti, na hapo ndipo chaguo lako lilipo.

Ya tatu ni chuma: bolti kurudi nyuma, ganda kuruka, bolti kugonga mbele. Ukishaziondoa zile mbili ndipo utaigundua, na utashangaa ilivyo kubwa. Kwa hiyo yule anayekuambia bunduki yake "haisikiki kabisa" ana bunduki ya filamu. Kusudi la yote haya ni kushusha mlio chini ya desibeli 140, mahali ambapo mshindo mmoja unaweza kuanza kuharibu masikio, na kutowaamsha majirani wa shamba. Mimi bado navaa vifunika masikio uwanjani, kwa sababu wa benchi la pili ana bunduki kubwa ya .308 isiyo na kiwambo.

Hatua ya kwanza: chagua aina ya risasi inayoupenda mtutu mfupi

Watu wengi wanaanza na 5.56, risasi ya kawaida ya raifo za AR, kwa sababu ndiyo wanayo. Kwa kazi hii achana nayo. Ukichukua kichwa chake (ile sehemu inayoruka) kizito cha greni 77, yaani gramu 5, ukakishusha hadi futi 1,000 kwa sekunde, unabaki na nguvu isiyofika hata joule 250. Bunduki nayo mara nyingi haijipakii yenyewe.

.300 Blackout ilibuniwa kwa hili hasa. Chama cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, SAAMI, kiliipitisha Januari 2011, baada ya kampuni ya Advanced Armament kuifanyia kazi pamoja na Remington, wakifuata njia iliyofunguliwa zamani na .300 Whisper, risasi ya mbunifu J.D. Jones. Wamechukua ganda la familia ya .223 (pacha wa 5.56), wakalikata likawa na milimita 35, wakaweka mdomoni kichwa kinene cha inchi .308. Baruti yake inaungua haraka, inamaliza kazi kwenye mtutu wa inchi 9 hivi. Ndiyo maana kuifupisha hakuiumizi kama kunavyoiumiza 5.56. Magazini na bolti ni zilezile za AR. Unabadilisha mtutu tu.

Urahisi huo una sumu ndani yake, nami nitaurudia hadi unichoke: risasi ya .300 Blackout yenye kichwa kifupi inaweza kuingia kwenye chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ya .223 na bolti ikafunga. Ukivuta kifyatulio, kichwa cha .308 hakina pa kupita, na bunduki inapasuka usoni pako. Mimi magazini zangu za Blackout nimezifunga ukanda mwekundu wa mpira, zinakaa kwenye begi lake, na siku ninayobeba Blackout ile nyingine inabaki nyumbani. Usiseme "nitaangalia". Jioni, umechoka, mikono imeganda, hutaangalia.

Kuna njia nyingine mbili nizitaje. 9mm yenye kichwa cha greni 147 kwa kawaida iko chini ya mwendo wa sauti tangu kiwandani, ni rahisi mfukoni, ila umbali wake ni mfupi. Na .22 yenye kichwa cha greni 40 ya kasi ya kawaida ndiyo mwalimu bora kwa mtoto au mgeni. Kwa sungura na kopo inatosha, kwa nguruwe pori usijaribu.

Hatua ya pili: soma maandishi kwenye mtutu

Risasi za kimya za Blackout ni nzito, greni 190 hadi 220, yaani gramu 12 hadi 14 na kidogo. Zito maana yake refu, na kitu kirefu kinachokwenda polepole kinataka kuzungushwa sana ili kisipepesuke, kama pia ya mtoto inavyoyumba ikipungua kasi. Mifereji ya ndani ya mtutu ndiyo inayozungusha. Utaona imechongwa 1:8, 1:7 au 1:5, maana yake mzunguko mmoja kila inchi 8, 7 au 5. 1:8 ni ya kawaida na inatosha kwa nyingi. 1:7 inakupa nafasi ya kupumua. 1:5 imetengenezwa kwa ajili ya hizi nzito hasa.

Soma pia karatasi ya kiwambo. Kiwe cha kipenyo cha inchi .30 au zaidi, na mtengenezaji awe amekiruhusu kwa urefu wa mtutu wako. Vingi vina kiwango cha chini cha urefu, na mtutu mfupi mno unakipiga kiwambo kwa gesi ambayo hakikujengwa kuibeba.

Hatua ya tatu: amua unapiga nini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwa karatasi na vyuma vya shabaha, chukua ya bei nafuu yenye kichwa cha greni 220 kilicho wazi kidogo nchani, kama American Eagle ya Federal. Inalenga vizuri, na karatasi haihitaji zaidi.

Kwa mnyama, hiyohiyo ni chaguo baya. Kichwa cha kawaida kimejengwa kupanuka kikiwa na kasi ya futi 2,000 na zaidi. Kwenye futi 1,000 kinapita kama msumari, kinaingia kidogo na kutoka kidogo, na mnyama anakwenda kufia kichakani usikomwona. Nguvu yenyewe ni ndogo: greni 220 kwa futi 1,010 ni joule 675 hivi, wakati greni 125 ya kasi kamili kutoka mtutu wa inchi 16 ina zaidi ya 1,800. Kwa hiyo tafuta kichwa kilichobuniwa kupanuka polepole. Hornady wana SUB-X ya greni 190, chenye nyama laini na mdomo mpana. Lehigh Defense wana cha shaba tupu cha greni 194 kinachofunguka kama ua. Ni ghali, ndiyo. Nunua maboksi mawili ya kuwindia na ya nafuu ya kufanyia mazoezi, ila hakikisha unajua kila moja inapiga wapi, maana hazitatua mahali pamoja.

Texas kuwinda nguruwe pori kwenye shamba la mtu binafsi, kwa idhini yake, hakudai leseni tangu Septemba 2019, na wenye mashamba wanakukaribisha kwa chai maana wanyama hawa wanalima usiku kuliko trekta. (Mzee mmoja wa Mombasa hapa mtaani hufuatana nasi kushika taa. Anahesabu, anacheka, lakini ukimwomba ashike mguu mmoja tu tuburute, anakumbuka simu ya muhimu.) Umbali wangu mimi ni yadi 50, nikilazimika sana 75. Zaidi ya hapo nabadilisha risasi, nakubali mpasuko.

Hatua ya nne: hesabu baridi

Sasa turudi Januari ile. Kasi ya sauti haiko mahali pamoja. Inategemea joto la hewa. Mchana wa kiangazi wa nyuzi 35 sauti inakwenda futi 1,155 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 20 ni 1,125. Kwenye sifuri ni 1,087. Kwenye 10 chini ya sifuri ni 1,067, na kwa ndugu zetu wa Minnesota, nyuzi 20 chini ya sifuri, ni 1,046 tu. Mtu wa Denver atakuambia ni ule mwinuko wa milima. Si mwinuko, ni ubaridi unaokuja nao.

Tena risasi haisubiri kufika kasi hiyo ndipo ianze kelele. Hewa inayoizunguka inabanwa na kukimbia kuliko risasi yenyewe, kwa hiyo sehemu fulani ya hewa hiyo inavuka mpaka mapema, na mnong'ono unageuka mpasuko risasi yenyewe ikiwa bado haijafika kasi ya sauti. Siku ile nilikuwa na kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, pembeni lakini nimeiacha kwenye begi. Niliporudi nayo wiki iliyofuata na boksi lilelile, risasi kumi zilinipa wastani wa futi 1,044, na moja kati yake ilipiga 1,068. Kwa nyuzi 8 chini ya sifuri sauti inakwenda 1,071. Pengo la futi tatu tu!

Basi kanuni yangu ni hii: chukua kasi ya sauti kwa siku ya baridi kuliko zote utakayowinda, toa asilimia 5, na risasi yako *iliyo kasi kuliko zote* isivuke hapo. Usitumie wastani. Kwa siku ya nyuzi sifuri hiyo ni 1,033 hivi. Boksi la 1,050 ni zuri Houston Agosti, ni la kubahatisha Amarillo Januari. Baruti nayo hupoa na kupungua nguvu kidogo wakati wa baridi, inakusaidia, lakini usiiwekee dhamana.

Kumbuka pia kwamba namba ya boksi ilipimwa kwenye mtutu wa kiwandani, mara nyingi wa inchi 16, siyo wako wa inchi 9. Mtutu mfupi kwa kawaida hupunguza. Azima kronografu kama huna, wapo wengi uwanjani wanaopenda kuonyesha yao.

Hatua ya tano: nunua boksi moja moja

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua risasi 200 za ofa kutoka duka moja la mtandaoni. Kila baada ya mbili, ganda linasimama wima limebanwa na bolti kama bomba la moshi la jiko. Risasi za kimya zina gesi kidogo, na bunduki yangu haikushiba. Siku hizi nachukua boksi moja la 20 la kila aina, tatu au nne, naenda nazo uwanjani.

Raifo ya Blackout inayotarajiwa kujipakia kwa risasi hizi iwe na mfumo wa gesi (ule unaoisukuma bolti nyuma) wa urefu wa bastola, mfupi kuliko yote. Nyingi hujipakia kiwambo kikiwa kimefungwa tu, kwa sababu kiwambo kinarudisha msukumo nyuma. Kwa hiyo jaribu kwa namna zote mbili na ujue yako iko wapi. Kipimo changu ni rahisi: weka risasi moja tu kwenye magazini, fyatua, uone kama bolti imebaki nyuma imejifunga. Rudia mara tano. Ikibaki zote tano, inashiba. Ikishindwa hata moja, ama rekebisha tundu la gesi kama bunduki yako ina hilo, ama risasi hiyo si yako.

Hatua ya sita: usifunge kiwambo bado

Hatua hii usiiruke hata kama uwanja unafungwa baada ya nusu saa. Risasi inayopepesuka ikiwa ndani ya kiwambo itagonga visahani, na kiwambo ulichokisubiri kwa miezi kinageuka chuma chakavu. Au kinaruka kutoka mdomoni.

Ondoa magazini, fungua bolti, tia kidole chemba uhakikishe ni tupu. Kisha piga risasi tano *bila* kiwambo kwenye karatasi iliyo yadi 25. Nenda uitazame kwa karibu, usitumie darubini. Tundu zuri ni duara, ukingo wake una pete nyembamba ya kijivu kama wanja. Tundu lililorefuka upande mmoja, lenye umbo la mahali pa kuingizia funguo, linakuambia risasi ilifika ubavu. Hata moja tu ya namna hiyo, rudisha boksi begini.

Zikiwa duara zote, bunduki ikiwa tupu tena, funga kiwambo na upitishe ufito wa kupimia kutoka chemba hadi mdomoni. Tazama kwa mbele: ufito uwe katikati ya tundu, nafasi sawa pande zote. Ukiegemea upande, uzi wa mtutu au kifungio kina kasoro, mpe fundi. Ukiwa katikati, weka risasi moja. Fyatua. Kagua mdomo wa kiwambo kama kuna mkwaruzo unaong'aa. Weka mbili. Baada ya hapo endelea, ila kaza kiwambo kila baada ya magazini moja, kwa kitambaa kinene maana kinaunguza.

Hatua ya saba: lenga upya

Risasi hii inaanguka kama embe. Ukiilenga iwe sawasawa kwenye yadi 50, kwenye yadi 100 iko chini kwa sentimita 16 hivi, na kwenye 150 imeshuka zaidi ya nusu mita. Kosa la kukadiria umbali kwa yadi 20 tu usiku linatosha kumjeruhi mnyama bila kumwangusha. Piga kwenye 25, 50, 75 na 100, andika kwenye utepe, ubandike kwenye kitako cha bunduki. Mimi nimeandika kwa kalamu ya rangi mstari mwekundu baada ya 75.

Kiwambo chenyewe kitahamisha pigo lako kidogo ukilinganisha na bila. Lenga kikiwa kimefungwa, kama utakavyowinda.

Andika na namba ya toleo iliyo pembeni mwa boksi. Jina lilelile na picha ileile, lakini toleo jipya linaweza kuwa na kasi tofauti, nalo lipimwe upya. Ukipata toleo linaloipenda bunduki yako, hapo sasa nunua mia mbili.

Gesi inayorudishwa na kiwambo inakuja usoni, ina vumbi la madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani yake. Nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chapati uliyobeba, na nguo za uwanjani zisilale kitandani na watoto.

Begi la uwanjani lisiwe begi la safari. Kuna mtu wa karibu yangu alilipanga lilelile kwenda Dar kwa harusi, alikuwa amelikung'uta, na bado risasi moja ya greni 220 ilikuwa imejificha kwenye mshono wa mfuko wa pembeni. Aliiona mkewe wakati anatia soksi, saa mbili kabla ya kutoka kwenda uwanja wa ndege.